Kansa ya Tumbo: Uliza Kwanza ni ya Aina Gani

Katika vijiji vyetu neno "kansa" likitajwa nyumbani, watu huinamisha vichwa. Majirani huanza kuja kumtazama mgonjwa kama watu wanaokuja kumuaga. Jamaa hushauriana namna ya kumrudisha kwao, na mgonjwa mwenyewe huacha kula. Mara nyingi mambo haya hutokea kabla mtu yeyote hajauliza swali moja kubwa: kansa hiyo ni ya aina gani?

Swali hilo si la madaktari peke yao. Ni la mgonjwa na jamaa zake pia. Leo tutajifunza habari za kansa moja ya tumbo inayoitwa limfoma. Hapa tunaposema tumbo, tuna maana ya ule mfuko wa chakula ulio chini ya chembe ya moyo, si tumbo zima.

Limfoma si kansa ya kila siku. Katika kansa zote zinazoota tumboni, zilizo limfoma ni chache. Tunaieleza kwa sababu moja. Ikijulikana mapema, wagonjwa wengi hupona, au huishi miaka mingi wakifanya kazi zao. Tena ipo namna moja ya limfoma ambayo mara nyingi huisha kwa vidonge vya kumeza tu, bila kupasuliwa. Mtu mwenye kansa ya namna hiyo akirudi nyumbani kungojea kufa, anakufa kifo ambacho kingeweza kuzuiwa.

LIMFOMA NI NINI?

Mwili wa mtu una walinzi wake. Walinzi hao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupambana na vijidudu vya magonjwa. Baadhi ya chembe hizo huzunguka katika damu, na nyingine hukaa katika tezi. Ukiwa na kidonda mguuni, tezi za kinenani huvimba, nasi husema tumepata mitoki. Hapo walinzi wamekusanyika wanafanya kazi. Kidonda kikipona, mitoki nayo hunywea.

Limfoma ni kansa ya chembe hizo za ulinzi. Fikiri mgambo wa kijiji. Wakitii amri, kijiji kinalala salama. Lakini mmoja akiasi, akaanza kuandikisha wenzake bila ruhusa, mwisho watakuwa kundi kubwa lisilolinda mtu, linalokula chakula cha kijiji na kubomoa nyumba. Ndivyo inavyokuwa katika limfoma. Chembe moja huharibika, huzaliana bila mpango, na kizazi chake hujaa mahali fulani mwilini na kufanya uvimbe au kidonda.

Kansa nyingine ya tumbo, ile iliyo ya kawaida zaidi, huanzia katika ngozi laini ya ndani ya tumbo lenyewe. Hiyo ni kansa tofauti, na tiba yake ni tofauti. Kwa macho, hata kwa macho ya daktari, kidonda cha kansa hizi mbili kinaweza kufanana. Ndiyo maana tunasema: uliza ni ya aina gani.

KIJIDUDU KINACHOKAA TUMBONI

Tumbo la mtu mzima mwenye afya halina walinzi wengi. Wamefikaje huko mpaka wakaasi? Mara nyingi wameitwa na kijidudu kiitwacho helikobakta.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi tumboni kwa sababu ya asidi kali iliyomo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kukiotesha kijidudu hiki kutoka katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alipata kichefuchefu na kutapika, na tumbo lake lilipotazamwa lilionekana limeugua. Mwaka 2005 madaktari hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kijidudu hiki huingia kwa kinywa, mara nyingi mtu akiwa bado mtoto, na kisipotibiwa hukaa miaka mingi. Chembe za ulinzi huitwa tumboni kukipiga vita. Hazikishindi, nacho hakiondoki. Basi hupiga kambi. Katika kambi hiyo ya miaka mingi ndimo chembe moja huweza kuharibika na kuanza limfoma.

Mwaka 1991 wataalamu wa London waliokuwa wakifanya kazi na Profesa Peter Isaacson walichunguza vinyama vya wagonjwa 110 wenye limfoma ya namna hii. Walikiona kijidudu katika wagonjwa 9 kati ya kila 10. Mwaka 1993 walitoa habari ya wagonjwa 6 waliopewa dawa za kuua kijidudu peke yake. Kwa 5 kati yao, limfoma haikuonekana tena. Habari hiyo iliwashangaza madaktari wengi. Kijidudu kikifa, chembe zilizoasi zilikosa chakula chao, nazo zikafa.

Hapa naomba tuelewane. Watu wengi sana duniani wanacho kijidudu hiki, na katika Afrika ni wengi zaidi. Walio wengi hawaumwi chochote. Baadhi hupata vidonda vya tumbo. Wachache sana hupata kansa. Kwa hiyo ukipimwa ukaambiwa unacho, usidhani una kansa. Na kama una kansa, hujaambukiza mtu kansa. Limfoma haiambukizi. Mgonjwa asitengewe sahani wala kikombe kwa sababu yake.

AINA MBILI ZA LIMFOMA YA TUMBO

Ziko aina nyingi, lakini mbili ndizo kubwa.

(a) Limfoma ya polepole. Wataalamu huiita malti. Hukua taratibu, pengine kwa miaka, na mara nyingi hubaki tumboni bila kusambaa. Hii ndiyo inayofuatana na kijidudu cha helikobakta.

(b) Limfoma ya haraka, yaani ya chembe kubwa. Hii hukua kwa wiki na miezi. Huweza kuanza yenyewe, au huweza kutokana na ile ya polepole iliyoachwa bila tiba. Huwapata pia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hasa wale ambao kinga yao imeshuka.

Jambo la ajabu kidogo ni hili: ile ya haraka inatisha zaidi, lakini nayo husikia dawa sana. Mgonjwa akiwahi hospitali anaweza kupona kabisa.

DALILI ZAKE

Limfoma ya tumbo haina dalili ya peke yake. Huja imevaa nguo za vidonda vya tumbo. Mzee huingia zahanati akasema, "Mjukuu wangu, chembe ya moyo inaniwaka, nipe vile vidonge vyangu." Vidonge hupewa, maumivu hupungua, na mwezi unaofuata hurudi tena. Kuumwa chembe ya moyo peke yake si jambo la kutia hofu, kwa kuwa sababu zake ni nyingi. Lakini yakifuatana na mojawapo ya mambo haya, mgonjwa apelekwe hospitali, asipewe tena vidonge vya kutuliza tu:

1. Kukonda bila sababu, mpaka nguo zinapwaya.
2. Kushiba upesi. Tonge mbili tatu za ugali zinatosha, na zamani alikuwa akimaliza sahani.
3. Kutapika mara kwa mara, au kutapika damu au vitu vyeusi kama machicha ya kahawa.
4. Choo cheusi, cha kunata kama lami, chenye harufu kali.
5. Kupungukiwa damu: viganja na ndani ya macho kuwa vyeupe, kuchoka, moyo kwenda mbio.
6. Uvimbe unaoshikika juu ya kitovu.
7. Homa za mara kwa mara na jasho jingi usiku, na malaria haionekani.

Kuna kosa moja linalochelewesha wengi. Mtu hununua dukani dawa za kupunguza asidi, akazitumia miezi mingi bila kupimwa. Dawa hizo hupunguza maumivu hata kama ndani kuna kansa. Tena omeprazoli inaweza kukificha kijidudu kisionekane katika vipimo. Kwa hiyo ukienda kupimwa, mwambie daktari dawa zote ulizomeza, za dukani na za miti shamba. Usione haya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

KINYAMA NDICHO KINACHOSEMA

Zahanati haiwezi kuijua limfoma. Hata kipimo cha damu au cha choo cha kutafuta helikobakta hakiwezi kuonyesha kansa. Kipimo kinachotakiwa ni kile cha kumeza mpira mwembamba wenye taa na kamera. Daktari hutazama ndani ya tumbo, kisha huchuna vipande vidogo vya nyama kutoka mahali mbalimbali. Wengi huogopa kipimo hiki. Ukweli ni kwamba kinakera koo na kutia kichefuchefu, lakini huchukua dakika chache, na mgonjwa wa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile. Hutakiwa asile tangu usiku uliotangulia.

Vinyama hivyo hupelekwa maabara kutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Hapo ndipo jina la kansa hupatikana. Majibu hayatoki siku ile. Huweza kuchukua wiki moja, mbili au zaidi. Na hapa ndipo wagonjwa wengi wa vijijini wanapopotea. Wamepimwa, wamesikia daktari akisema "inaonekana kuna uvimbe mbaya," wamerudi nyumbani, na majibu ya kinyama hawakuyafuata tena. Wanakaa na neno kansa bila jina lake. Pengine karatasi iliyobaki hospitali imeandikwa malti, ugonjwa ambao ungetibiwa kwa vidonge.

Basi fuata majibu. Mgonjwa akiwa dhaifu, aende ndugu mwenye barua na kadi yake. Omba nakala ya karatasi ya majibu, uitunze pamoja na cheti chako cha zahanati.

Baada ya jina kujulikana, hospitali hutaka kujua kansa imefika wapi. Hupiga picha za kifua na tumbo, na mara nyingine huchukua uboho wa mfupa. Hupima pia virusi vya UKIMWI na virusi vya homa ya ini aina ya B. Si kwa kumshuku mgonjwa. Baadhi ya dawa za limfoma zinaweza kuamsha virusi vya ini vilivyolala, hivyo ni lazima vijulikane mapema.

TIBA YA LIMFOMA YA POLEPOLE

Kwa limfoma ya malti iliyo bado tumboni, tiba ya kwanza ni kuua kijidudu. Mgonjwa hupewa dawa tatu au nne pamoja, kwa kawaida kwa siku 14. Moja ni ya kupunguza asidi, kama omeprazoli. Nyingine ni za kuua vijidudu, kama amoksilini, klarithromaisini au metronidazoli. Daktari ndiye anayechagua. Mtu ambaye penisilini humdhuru aseme, ili apewe dawa nyingine badala ya amoksilini. Anayemeza metronidazoli asinywe pombe.

Siku 14 maana yake ni siku 14. Siku ya tano maumivu huwa yamepungua, na kichefuchefu cha dawa kimeanza. Hapo ndipo mtu hujishauri kuacha, au kumgawia jirani vidonge vilivyobaki. Ukifanya hivyo kijidudu hakifi. Hujifunza kuizoea dawa, na mara ya pili dawa ile haitakifaa kitu.

Baada ya kumaliza, mgonjwa hungoja wiki 4 au zaidi, kisha hupimwa choo au pumzi kuona kama kijidudu kimekwisha. Wiki 2 kabla ya kipimo hicho asitumie omeprazoli. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hii, maana huweza kuendelea kuonyesha ugonjwa hata kijidudu kikiwa kimekufa.

Matokeo yake ni nini? Kati ya wagonjwa 10 wenye malti iliyo bado tumboni na yenye kijidudu, karibu 7 au 8 limfoma yao huisha kwa vidonge peke yake. Lakini haiishi kwa siku 14. Kijidudu hufa kwanza; uvimbe hunywea baadaye, kwa miezi, na kwa wengine hupita mwaka mzima. Kwa hiyo mgonjwa hurudi kutazamwa tumbo kila baada ya miezi 3 hadi 6. Akiambiwa "bado kidogo," asidhani tiba imeshindwa. Ikiwa hali yake ni nzuri na uvimbe unapungua, daktari anaweza kungoja.

Wale ambao limfoma yao haikusikia vidonge, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, na mashine huelekeza mionzi tumboni kwa dakika chache. Haiumi. Hufanyika siku za kazi kwa wiki tatu au nne hivi. Ugonjwa ukiwa tumboni tu, mionzi huuondoa kwa wagonjwa walio wengi sana. Kwa jumla, kati ya wagonjwa 10 wa limfoma hii waliogunduliwa mapema na kutibiwa vizuri, karibu 9 huwa hai baada ya miaka 5, na wengi huendelea kuishi zaidi ya hapo.

TIBA YA LIMFOMA YA HARAKA

Hii hutibiwa kwa dawa za kansa zinazopitishwa katika mshipa kwa dripu. Kwa kawaida huchanganywa siklofosfamaidi, doksorubisini na vinkristini, pamoja na vidonge vya predinisoloni. Inapopatikana huongezwa rituksimabu. Mgonjwa hupata dawa mara moja kila siku 21, kwa kawaida mara 6. Kazi yote huchukua miezi minne hivi. Mwenye virusi vya UKIMWI huendelea na dawa zake za ARV. Asiziache hata siku moja, ila daktari akizibadilisha.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya kuamini kwamba limfoma husikia dawa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago, Uganda, aliona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya. Mwaka 1958 aliandika habari zake, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari katika nchi za Afrika Mashariki na Kusini kutafuta unakopatikana. Ugonjwa ule ulikuwa limfoma, na leo unaitwa kwa jina lake. Mashine za mionzi hazikuwapo Kampala wakati huo, hivyo wagonjwa walijaribiwa kwa dawa. Uvimbe mkubwa ulinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa wakakua. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala. Dawa mojawapo iliyotumika kwa watoto wale ilikuwa siklofosfamaidi, ile ile inayotundikwa katika dripu leo.

Limfoma ya haraka ya tumbo kwa mtu mzima ni ndugu wa ugonjwa ule, si ugonjwa ule wenyewe. Kwa walio na ugonjwa uliobaki tumboni na tezi za karibu, wakipata dawa zote zinazotakiwa, zaidi ya nusu hupona. Ugonjwa uliosambaa sana una matumaini madogo zaidi, lakini hata huo hutibiwa. Usifiche jambo hili wala usilipambe. Wapo wanaokufa, na wengi wao ni wale waliofika wakiwa wamekwisha, au waliokatiza dawa mara ya pili au ya tatu kwa kuwa walijisikia wazima.

Zamani, hata katika miaka ya 1980, wagonjwa wengi wa limfoma walikatwa tumbo. Siku hizi upasuaji hufanywa zaidi pale tumbo linapotoboka, linapovuja damu isiyozuilika, au njia ya chakula inapoziba. Aliyekatwa tumbo lote huhitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote.

KUMTUNZA MGONJWA NYUMBANI

Mgonjwa anayepata dripu huwa nyumbani siku nyingi kuliko hospitali. Kwa hiyo jamaa ndio wauguzi wake. Wajue mambo haya:

1. Nywele hunyonyoka. Zitaota tena dawa zikiisha.
2. Mkojo huweza kuwa mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu. Ni rangi ya dawa, si damu. Ukiendelea zaidi ya hapo, au ukiuma, mrudishe hospitali.
3. Kati ya siku ya 7 na ya 14, kinga ya mwili hushuka sana. Homa katika siku hizo si ya kungojea kesho. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi ya kutetemeka, mpeleke hospitali usiku ule ule. Usimpe panadoli ukasema ni malaria.
4. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa kama ubao, kutapika damu, au choo cheusi: ni dharura. Limfoma inaponywea huweza kuacha tundu.
5. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji wa lishe, kunde, samaki, mayai yaliyoiva vizuri, mchicha, ndizi, papai lililooshwa. Maji ya kunywa yachemshwe.
6. Asipewe dawa za kienyeji wakati wa dripu bila daktari kujua. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee. Ini lile lile linalofanya kazi ya kusafisha dawa za hospitali ndilo litakalobebeshwa na mizizi hiyo.

SAFARI YA MATIBABU

Kutoka Chole mpaka mashine za mionzi ni safari, na masika njia hujaa tope. Ni vizuri kuipanga kuliko kuingojea. Anza zahanati au kituo cha afya, uandikiwe barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya Kisarawe. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupelekwa Tumbi, Kibaha, au Muhimbili kwa kipimo cha mpira. Dawa za kansa na mionzi hupatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Ndugu wa Kanda ya Ziwa huenda Bugando, na wa Kaskazini huenda KCMC.

Kabla ya kuondoka, jamaa wakae pamoja wakubaliane: nani atamsindikiza, atafikia kwa nani mjini, na nani atapalilia shamba lake la mihogo. Kama fedha ni kidogo, msigeuze njia. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Ombeni barua ya serikali ya kijiji mapema, mkaeleze hali halisi. Mwenye bima ya afya asiisahau kadi yake.

Na mkifika mbele ya daktari, ulizeni bila woga: Kinyama kimesema ni kansa gani? Ni ya polepole au ya haraka? Imefika wapi? Tiba ya kwanza ni ipi, na turudi lini? Andikeni majibu. Mtu aliyesoma kisomo ana kalamu, na hii ni kazi yake.

TUNAWEZA KUJIKINGA?

Hakuna chanjo ya helikobakta. Lakini njia zake tunazijua: kinywa, matapishi na kinyesi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kusafisha mazingira. Mafunzo yale hayajazeeka. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Tufunike visima. Mama au bibi asimtafunie mtoto chakula kinywani mwake. Na mwenye vidonda vya tumbo atibiwe kijidudu, amalize dawa, apimwe tena.

Ndugu msomaji, kama jirani yako ameambiwa ana kansa ya tumbo na yuko nyumbani, nenda kamwone leo. Muulize kama majibu ya kinyama yalifuatwa. Kama hayakufuatwa, msaidieni ayafuate wiki hii.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini haitoshi kuambiwa "una kansa ya tumbo"?
2. Taja dalili nne zinazomtaka mwenye maumivu ya chembe ya moyo aende hospitali.
3. Mgonjwa amemeza dawa siku 6 kati ya 14, anajisikia mzima, anataka kuacha. Mtamshauri nini?
4. Mgonjwa wa dripu amepata homa usiku siku ya 10. Kijijini kwenu mtamfikishaje hospitali usiku huo? Pangeni sasa.